Makabati yamevimba chini, sinki linanuka, na mama mkwe hawezi kusonga ugali kwenye jiko jipya

Barua

Kwako mshauri, habari za kazi.

Mwezi wa tatu tulimaliza kukarabati jiko la nyumba yetu hapa Tabata, Dar es Salaam. Lile la zamani lilikuwa na meza ya zege, sinki moja na dirisha, na mkaa tulipikia uani. Sasa tuna makabati ya chipubodi yenye melamini nyeupe juu na chini, kaunta ya graniti ya kijivu, jiko la gesi la kioo lenye vichomeo vinne lililozamishwa kwenye kaunta, na kifaa cha kuvuta moshi juu yake. Kwa macho ni zuri na kila anayeingia analisifia. Kulitumia ndiyo shida.

Masika hayajaisha, makabati ya chini yameanza kuvimba usawa wa sakafu, zaidi lile la sinki. Milango miwili haifungi vizuri. Seremala anasema tunatumia maji mengi, atapaka gundi, atabandika ukanda mwingine na kupiga rangi. Ndani ya kabati la sinki mna harufu ya mtaro, hasa asubuhi, na mende wadogo ambao zamani hatukuwa nao. Bomba jipya la kuchanganya maji linatoa maji kidogo kuliko koki ya zamani, ingawa tenki ni lile lile, juu ya mnara mfupi wa mita tatu.

Tunaishi na mama mkwe wangu na yeye ndiye anayesonga ugali wa watu wanane. Kaunta ina kimo cha sentimita 90. Mama ni mfupi, nimempima, kiwiko chake kiko sentimita 95 kutoka chini. Mabega yanamuuma, kwa hiyo amerudi kwenye mkaa uani. Siku za mvua anataka kuingiza jiko la mkaa ndani, mlango ukiwa wazi. Mume wangu anasema tumwache afanye anavyotaka, mimi sina amani.

Mengine ni haya: pete la mafuta na doa la bizari kwenye graniti haviondoki kwa sabuni. Dari la jipsam juu ya kifaa cha moshi limeanza kuwa la njano. Tukiwasha birika, maikrowevu na jiko la wali kwa pamoja, breka inakata.

Na jambo dogo la mwisho. Mtungi wa kilo 15 uko ndani ya kabati chini ya jiko. Kuna asubuhi nikifungua mlango wa kabati nasikia harufu ya gesi, halafu inapotea. Fundi aliyeunga alisema ni kawaida kwa mpira mpya.

Seremala bado anatudai malipo ya mwisho. Je, tubomoe tuanze upya, au kuna namna?

Mama wa Tabata

Jibu

Dada yangu wa Tabata, hilo uliloliita dogo ndilo tunaloanza nalo, na tafadhali lifanye kabla hujamaliza kusoma haya mengine.

Harufu ya gesi si kawaida, iwe mpira ni mpya au wa zamani. Gesi ya mitungi kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi ili mtu ajue inavuja. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mbili, ikivuja haipandi dirishani. Inatuama chini ya kabati usiku kucha, na unapofungua mlango asubuhi inamwagika sakafuni na kutawanyika, ndiyo maana unaona "inapotea". Haijapotea, imehamia mahali ambapo cheche ya friji au swichi inaweza kuikuta.

Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, hata ya taa. Funga valvu ya mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watu nje. Gesi ikishatoka kabisa, changanya maji na sabuni ya kuoshea vyombo hadi ipate povu zito, fungua valvu kidogo, kisha paka povu kwa brashi sehemu nne: pale regyuleta inapokaa kwenye mtungi, mpira unapoingia kwenye regyuleta, mpira unapoingia kwenye jiko, na mpira wenyewe kwa urefu wake wote. Mapovu yanayokua ndiyo mahali panapovuja. Usitumie kiberiti kutafuta. Mara nyingi chanzo ni mpira mdogo wa duara ulio kati ya regyuleta na valvu, umechanika au umekauka, au mpira uliofungwa kwa waya badala ya klipu ya kukazwa kwa bisibisi. Hakikisha pia mpira ni wa gesi kweli, wenye maandishi ya gesi na mwaka ubavuni. Mpira wa maji huharibiwa na gesi, ukapasuka. Usizidi mita 1.5, usipite nyuma ya oveni wala kutobolewa ukutani, na ubadilishwe tarehe yake ikifika au ukianza kuonyesha nyufa unapoukunja.

Hayo ni ya leo. Dawa ya kudumu ni kuutoa mtungi kabatini. Weka nje ya ukuta wa jiko, umesimama wima juu ya kizege kidogo, ndani ya kibanda cha nondo au wavu chenye paa, angalau mita 1 kutoka mlango au dirisha na mita 2 kutoka shimo la maji machafu, maana gesi nzito huingia shimoni. Kutoka hapo fundi wa gesi apitishe bomba la shaba lililovikwa bomba jingine linapokatiza ukuta, na ndani aweke koki ya kufungia mahali ambapo hata mama mkwe anafika bila kuinama. Wakati mnasubiri, mtungi ukae nje ya kabati, sehemu yenye hewa, na valvu ifungwe kila mnapomaliza kupika.

Sasa makabati. Seremala ana haki kidogo kuhusu maji, lakini kosa ni la namna alivyoyasimamisha. Chipubodi ni chembe za mbao zilizobanwa kwa gundi. Uso wake una melamini, maji hayapenyi hapo. Yanapenyea kwenye kingo, na kingo za chini mafundi wengi hawazifungi kwa sababu hazionekani. Pwani tunadeki kwa maji mengi, na kabati likikalishwa moja kwa moja sakafuni linayanyonya kila siku. Chembe zilizobanwa zinafumuka, gundi inaachia, na zikishafumuka hazirudi hata zikikauka. Kwa hiyo akibandika ukanda na kupiga rangi juu ya ubao uliovimba, atakuwa amefungia unyevu ndani. Usikubali.

Habari njema ni kwamba huhitaji kubomoa. Mwambie afanye hivi, kabati moja kwa wakati.

Kwanza kabisa aitegemeze graniti. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba. Kaunta ya mita 2.4 kwa sentimita 60 ni kama kilo 78, na sehemu dhaifu zaidi ni kona za tundu la sinki na la jiko la gesi. Aweke ubao mnene chini ya graniti, mbele na nyuma ya tundu, na miti miwili au jeki zinazobeba ubao huo hadi sakafuni. Zibebe tu bila kuisukuma graniti juu, ikisukumwa itapasuka pembeni mwa tundu.

Kisha akate sehemu iliyovimba ya kuta za kabati, sentimita 10 hadi 12 kutoka chini, kwa mstari aliouchora kwa pima maji. Kingo mpya azipake vanishi ya mafuta au rangi ya mafuta mara mbili, aache ikauke kati ya mkono mmoja na mwingine. Chini ya kabati aweke miguu ya plastiki ya kurekebishika, minne kwa kabati la hadi sentimita 60 na sita kwa pana zaidi, mmoja chini ya kila ukuta unaobeba uzito. Kuna njia nyingine ambayo kwa nyumba zetu naiona bora: ajenge tuta la zege la sentimita 10, alibandike vigae kama sakafu, na kabati likae juu yake. Tuta liingie ndani sentimita 5 hadi 7 kutoka uso wa milango ili vidole vya miguu vipate nafasi mtu akisimama karibu. Miguu ya plastiki ni rahisi na inaruhusu kufungua ubao wa mbele na kufagia mende. Tuta la zege halijali mtu anadeki vipi.

Sakafu ya kabati la sinki ing'olewe yote. Ubao mpya uwe plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, ya milimita 18, uliopakwa rangi pande zote sita, yaani na kingo. Mahali bomba linapotoboa ubao, tundu lizungushiwe silikoni. Chipubodi nyingine pale itavimba tena, hata akiifunga namna gani, kwa sababu chini ya sinki hakukosi tone.

Aangalie pia ukingo wa sinki kwa juu. Kama silikoni inayozunguka sinki ina weusi au inanyanyuka, maji yanateremka kupitia hapo. Kupaka mpya juu ya ya zamani hakusaidii, haishiki. Ikwanguliwe yote kwa wembe, pasafishwe kwa spiriti, pakauke usiku mzima, ndipo ipakwe silikoni ya bafuni yenye dawa ya ukungu, na sinki lisiguswe na maji kwa saa 24.

Milango miwili isiyofunga huenda ikakaa sawa yenyewe kabati likishanyooka. Kama sivyo, kila bawaba ina skrubu za kurekebisha: moja husogeza mlango kushoto na kulia, moja huuvuta ndani au nje, na zile zinazoshika bamba ukutani zikilegezwa mlango hupanda au kushuka. Zungusha nusu duara, funga mlango, tazama. Skrubu ikizunguka bila kukaza, tundu limepanuka: jaza gundi ya mbao na njiti za kiberiti zisizo na vichwa, subiri ikauke kabisa, kata zilizobaki nje, kisha kaza upya.

Harufu na mende vina mlango mmoja. Piga magoti na tochi utazame bomba la kutoa maji chini ya sinki. Nina hakika karibu yote kwamba utaona bomba laini la mikunjo linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye tundu la sakafu au ukuta, bila ile kona ya duara inayobaki na maji, ambayo mafundi bomba wanaiita trapu. Maji yanayobaki kwenye trapu ndiyo kizuizi pekee kati ya jiko lako na mtaro. Harufu inazidi asubuhi kwa sababu usiku hakuna maji yanayopita, na kabati limefungwa.

Nunua trapu ya kona ya inchi moja na nusu, yaani milimita 40, inayobakiza maji ya kina cha milimita 75, yenye kifuniko cha kufungulia chini. Ile ya umbo la chupa ni nzuri chini ya sinki la kunawia, lakini kwa jiko linalopika ugali na kukaanga samaki inajaa mafuta haraka. Bomba litakaloendelea kwenda nje literemke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Likilala sana mafuta yanaganda humo. Na pale bomba la sinki linapoingia kwenye bomba la sakafuni pawe na raba inayobana. Kitambaa au simenti kidogo iliyopachikwa hapo hupasuka, na mende hupitia huko huko.

Mwambie na kila anayeosha vyombo: ukoko wa ugali ulowekwe, ubanduliwe na uende kwenye ndoo ya taka, kamwe si kwenye sinki. Sufuria yenye mafuta ifutwe kwanza kwa karatasi. Mafuta yaliyotumika yakusanywe kwenye chupa. Msimwage maji yanayochemka kila siku mkidhani mnayeyusha mafuta: mabomba ya PVC hulegea kwa joto hilo, viungo vikaachia, na mafuta yenyewe huganda mbele kidogo, mahali pabaya zaidi kufikia.

Kuhusu maji kidogo, tenki halina kosa na bomba halijaharibika. Kila mita 10 za kimo huleta msukumo wa bar 1. Tenki lililo kwenye mnara wa mita tatu tu linaleta kama bar 0.3, na mabomba mengi ya kisasa ya kuchanganya yana vitundu vyembamba vinavyotaka kama bar 1. Fungua kwanza kichujio kidogo cha mdomoni, kioshe mchanga. Kama mmeunganishiwa maji ya kisima yenye chumvi, kiloweke kwenye siki usiku mmoja. Isipotosha, chagua: pampu ndogo yenye swichi ya msukumo, au koki ya kawaida yenye njia pana. Kwa jiko lisilo na maji ya moto ya bomba, mimi ningerudisha koki ya kawaida.

Na mama mkwe wako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jiko linalomfukuza mpishi mkuu wa nyumba halijakamilika hata likiwa na graniti ya aina gani.

Sentimita 90 ni kimo kinachofaa kukata vitunguu kwa mtu wa urefu wa wastani. Kusonga ugali ni kazi ya nguvu, unakandamiza mwiko kwa uzito wa mwili, na kazi ya namna hiyo inataka kitako cha sufuria kiwe sentimita 20 hadi 30 chini ya kiwiko. Kiwiko cha mama kiko 95. Kaunta 90, ongeza sentimita 5 za vyuma vya kushikia sufuria, kitako kiko 95. Maana yake anasonga kwa kunyanyua mabega, mwiko ukiwa karibu na kifua, na hawezi kutumia uzito wake. Anachohitaji ni kitako cha sufuria kiwe kati ya sentimita 65 na 75.

Msimpe kigoda cha kupandia. Kingehitaji kuwa na kimo cha zaidi ya sentimita 20, na mtu mzima akishuka nyuma kwa kusahau akiwa na sufuria ya moto, ni ajali. Wala msimwekee ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Ni mzuri kwa chai, lakini ukisongea ugali wa watu wanane unayumba na unaweza kuanguka.

Jengeni tuta fupi, pembeni mwa kaunta au kwenye baraza la nyuma lenye paa: upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 60, kimo cha sentimita 55, kwa matofali na bamba la zege, juu vigae. Juu yake likae jiko la chuma la kichomeo kimoja, lile zito la miguu mifupi, ambalo kwa kawaida lina kimo cha sentimita 15 hivi. Jumla 70. Gesi itoke kwenye bomba lile lile la shaba, kwa tawi lenye koki yake. Mpeni fundi wa kuchomea kazi ndogo ya fremu ya chuma: duara la kuingia sufuria na mikono miwili inayoteremka hadi kwenye tuta, ili sufuria isizunguke wakati wa kusonga. Sufuria zetu hazina vishikio, na nusu ya maumivu ya bega la kushoto huletwa na kuibana kwa kitambaa.

Tuta hilo litakuokolea na jiko la kioo. Kioo hicho kimetengenezwa kibebe chombo cha wastani. Sufuria pana ya ugali au ya pilau, ikizidi sentimita 26 hivi, inafunika kichomeo na kurudisha joto chini kwenye kioo, na mtu akikandamiza mwiko juu yake ndipo vioo vinapopasuka kwa kishindo na kumwaga vipande. Maji baridi kwenye kioo cha moto yana madhara hayo hayo, kwa hiyo pasifutwe kwa kitambaa chenye maji hadi papoe. Kitumie kwa chai, mboga, mayai na sufuria ndogo.

Mkaa ndani ya nyumba, hapana. Mlango ukiwa wazi, hapana. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta hupata kichwa kuuma na usingizi, akidhani ni uchovu. Zamani mkaa mlipikia uani na moshi ulikwenda zake. Hili jipya lina dari na madirisha ya vioo. Zungumza na mama kwa heshima, tena kabla mvua nyingine haijanyesha, na umwonyeshe kwanza tuta litakapokuwa, apimwe na achague upande mwenyewe. Kama anachokipenda kwenye mkaa ni maharage, yaloweke usiku kucha na uyapike kwenye sufuria ya presha. Na kinu chake kisitwangiwe juu ya vigae vipya. Kigae kilichobaki na upenyo chini hupasuka kwa mapigo hayo. Kiwekwe uani, au juu ya kipande kinene cha raba.

Dari la njano ni dalili kwamba bomba la kifaa cha moshi limeishia ndani ya dari. Fundi aliliingiza juu ya jipsam akaliacha hapo, na mafuta yote yanayovutwa yanalala juu ya dari pamoja na nyaya za umeme. Hilo ni hatari ya moto. Litolewe hadi nje kupitia ukuta wa karibu zaidi, kipenyo cha milimita 150, kona zisizidi mbili, na nje liwe na vifuniko vinavyofunguka kwa upepo wa feni na kujifunga feni ikizimwa. Usiweke wavu wa mbu hapo, utaziba kwa mafuta. Kifaa chenyewe kiwe sentimita 65 hadi 75 juu ya vichomeo, na kikifanya kazi fungua dirisha la upande wa pili ili hewa ipate pa kuingilia. Vichujio vya alumini vitoe kila baada ya wiki mbili, uviloweke kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo.

Umeme ni hesabu fupi. Birika wati 2,000, maikrowevu 1,200, jiko la wali 700: jumla 3,900. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 17, wakati soketi moja na ekstensheni yake ni ya ampea 13. Breka inafanya kazi yake, usimruhusu mtu aweke kubwa zaidi kwenye waya ule ule. Fundi umeme akuletee laini ya pili ya soketi za jikoni, ziwe mbali na sinki, na kwenye boksi kuwe na kikata umeme cha miliampea 30 kinachojizima umeme ukivuja kwa mtu.

Graniti iache mwisho. Ni jiwe lenye vitundu, na yako huenda haikupakwa dawa ya kuziba. Dondosha matone ya maji mahali pasafi, subiri dakika 10, ufute: pakibaki peusi, haijazibwa. Kwa pete la mafuta, changanya bekingi soda na maji kidogo iwe nzito kama siagi ya karanga, paka unene wa nusu sentimita ukivuka kidogo mpaka wa doa, funika kwa nailoni iliyobandikwa kingo, acha saa 24, fungua ikauke yenyewe, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki. Pete la zamani huhitaji kurudia. Doa la bizari hufifia kwa jua, na kama kaunta inapata jua la dirishani lipe nafasi kabla ya dawa. Likigoma, haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa kwenye kitambaa kwa saa chache, ukijaribu kwanza kona isiyoonekana kwa sababu jiwe la rangi nzito linaweza kupauka. Likishakuwa safi na limekaa kavu siku nzima, paka dawa ya kuziba mawe, subiri dakika 10 hadi 15, na ufute yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Ukiiacha ikauke itabaki ukungu unaonata.

Kazi ipangwe hivi: gesi wiki hii. Bomba la moshi na trapu vifuate, kisha makabati, na tuta la mama lijengwe siku zile zile za zege ili mchanga na simenti viletwe mara moja. Seremala hahusiki na gesi wala umeme, usimkate fedha kwa hayo. Lakini kingo zisizofungwa na makabati yaliyokalia sakafu ni kazi yake, na malipo ya mwisho yasubiri arekebishe. Akimaliza, na fundi bomba awe amemaliza pia, jaza sinki hadi juu, tandaza karatasi kavu kwenye sakafu ya kabati chini ya viungo vyote, chomoa kizibo maji yatoke kwa mkupuo, kisha jaza tena na uache hadi asubuhi. Karatasi ikiwa kavu, mlipe.